Mlangoni Kabisa

"Nilimshusha mlangoni kabisa," Fundi alisema kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na kwa mara ya tatu Inspekta akaona macho yake yakikimbilia kwenye feni.

Feni ya chumba cha mahojiano ilikuwa inakoroma. Fundi, ambaye kazi yake ni kutengeneza majokofu na chochote kinachozunguka kwa umeme, aliisikiliza kama mtu anayetamani kuzungumza nayo badala ya kuzungumza na polisi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, vidole vimejaa makovu, shati amelifunga vifungo kombo. Hakuwa amelala. Mtu aliyekosa usingizi kwa hofu na aliyekosa usingizi kwa hatia wanafanana mno usoni, na hapo ndipo Inspekta alipokwama.

Muda nao haukumngoja. Mama yake Fundi, muuguzi mstaafu, alikuwa amepotea tangu juzi asubuhi. Alikuwa asafiri kwenda kwa binti yake wa kwanza, aliyeolewa nchi ya mbali na sasa anakaribia kujifungua. Ndege iliondoka na kiti chake kitupu. Simu yake ilishika mara ya mwisho mnara wa uwanja wa ndege, kisha ikazima. Polisi walikuwa wamepekua jengo la abiria chumba kwa chumba, hadi vyooni, wasione hata kitambaa chake. Alikuwa na kisukari na presha. Daktari alimwambia Inspekta bila kupepesa macho kwamba mtu wa umri ule, bila dawa na bila maji, siku ya tatu haimalizi. Siku ya tatu ndiyo hii.

"Mlango upi?" Inspekta aliuliza.

"Wa wanaoondoka, afande."

"Ukafanya nini?"

"Nikashusha sanduku. Nikachukua toroli, nikampakilia. Akaniaga, akaingia."

"Toroli ulilitoa wapi?"

"Pale nje, kushoto kwa mlango. Zinapokaaga."

"Kwa nini toroli? Sanduku moja tu, tena la magurudumu."

"Gurudumu moja limekufa. Ni sanduku la marehemu baba. Dada alimwambia anunue jipya, mama akasema hilo bado linatembea."

Hilo alilisema haraka, akimtazama usoni. Inspekta aliliweka akilini upande wake. Wenzake kituoni walimpa jina la Mama Kwanini, wakidhani linamkera, kumbe alilipenda. Alikuwa amejifunza kwamba mwongo hasemi uongo mtupu. Huchanganya, na ule ukweli aliouchanganya hutoka bila kusukumwa.

Koplo alichungulia mlangoni akiwa ameshika simu kwa vidole viwili kana kwamba inaunguza. Alikuwa mzee wa kazi, amebakiza miezi michache astaafu, na hakuna kilichomchosha kama ndugu wa waliopotea.

"Dada mtu," alinong'ona. "Ana moto huyo, shauri yako."

Inspekta alitoka nje kuipokea.

"Afande, mbane huyo!" sauti ya mwanamke ilikuja ikihema. "Mimi nilituma hela ya kila kitu. Mafuta, paking, kila kitu. Nilimwambia apaki ndani ya maegesho, aingie na mama mpaka kaunta, amkabidhi kwa watu wa ndege. Mama hajawahi kupanda ndege! Sasa nauliza aliingia naye, ananiambia nilimshusha mlangoni. Mlangoni ndiyo nini?"

"Kaka yako na mama wanaelewana?"

"Mwaka jana alitaka nyumba ya mama iuzwe apate mtaji wa karakana. Mama akakataa. Sitaki kumfikiria vibaya, afande. Lakini nalala vipi mimi? Nina tumbo la miezi tisa."

Inspekta alimwahidi kumpigia. Aliporudi ndani, Fundi alikuwa amesimama chini ya feni akiitegea sikio.

"Beringi imekwisha," alisema, kisha akaona haya, akaketi.

"Simama," Inspekta akamwambia. "Twende ukanionyeshe huo mlango."

Msimamizi wa maegesho ya uwanja wa ndege alikuwa na ofisi ndogo yenye dirisha linalotazama geti. Tai yake ilikuwa imenyooka kuliko yeye mwenyewe. Inspekta alimwacha Fundi ndani ya gari na Koplo, akaingia peke yake, akatoa namba ya gari la Fundi.

"Kila gari linaloingia njia ya mlangoni linapigwa picha hapo getini," msimamizi alieleza huku akibofya. "Halikwepi hata la waziri." Alibofya tena. Akavuta kiti karibu. "Juzi, asubuhi nzima, gari hili halikupita."

"Maegesho ya ghorofa?"

"Halipo."

"Nieleze vizuri. Mimi nikileta mtu hapa kumsindikiza, nina njia ngapi?"

Msimamizi alifurahi kuulizwa. Alijiweka sawa kama anayeanza hotuba. "Kuna njia ya mlangoni. Unaingia, unashusha, unatoka. Ni dakika chache tu, na bei yake, sikufichi, watu wanailalamikia. Ukizubaa inapanda. Kuna maegesho ya ghorofa, hayo ndiyo ghali zaidi, lakini unaingia na mgeni wako mpaka ndani mnaagana kwa raha. Halafu kuna maegesho ya mbali, kule nyuma ya maghala. Nafuu. Basi letu linawaleta bure."

"Huko mbali je, hakupita?"

Akabofya. "Wala."

"Na toroli zenu zinakaa upande gani wa mlango?"

"Ziko ndani, Inspekta. Tangu mwezi uliopita. Nje pale wanatandaza vigae."

Inspekta alipumua kwa nguvu puani. Toroli la kushoto lilikuwa la mtu aliyekuja hapa zamani, si juzi. Lakini swali la pili lilikuwa limeanza kumwasha. Wakati wanakuja, kwenye mzunguko wa barabara kabla ya geti, aliona magari yamejipanga kando ya kituo cha mafuta, watu wakishusha masanduku. Kituo cha mafuta si mahali pa kukumbatiana na kupungiana mikono.

"Na njia isiyolipiwa?" aliuliza.

"Haipo."

"Kwa nini basi watu wanashuka pale kwenye kituo cha mafuta?"

Msimamizi alikohoa. "Wakaidi hao. Mji mzima umezoea. Walitoboa uzio nyuma ya vyoo vya kituo, wanapenya na masanduku yao, wanatembea kwa miguu mpaka hapa, wasilipe hata senti. Lakini tumeshawakomesha. Tumeliziba lile pengo, wavu wa chuma, umelehemiwa."

"Lini?"

"Juzi. Alfajiri."

Inspekta aliisogelea meza. "Mliweka tangazo?"

"Tangazo la nini?" Msimamizi alishangaa kwa dhati. "Pale haparuhusiwi kupita. Njia isiyokuwepo utaitangazaje kwamba imefungwa?"

Inspekta alitoka akiwa amefura, na hasira ile hakujua ampe nani.

Nje, Koplo alimngoja mbali kidogo na gari, akiwa na ushauri wake tayari.

"Afande, mimi nimeshapiga hesabu. Gari halikufika hapa, sivyo? Kati ya kwao na hapa kuna yale machimbo ya mawe. Pameachwa, hapapiti mtu. Nyumba anaitaka, mama hataki. Tumtie pingu, tukachimbe huko kabla jua halijawaka."

"Simu ya mama ilishika mnara wa hapa, mzee."

"Simu inabebeka. Unammaliza mtu kule, unakuja kuitupa hapa."

Halikuwa wazo la kipumbavu, na hilo ndilo lililomtisha Inspekta. Wakienda machimboni na mama yuko hapa, watakuwa wamemuua kwa mikono yao. Na wakibaki hapa na mama yuko machimboni, ni yale yale. Alitazama juu. Wingu zito lilikuwa linajikusanya nyuma ya mnara wa kuongozea ndege. Tangu juzi haikuwa imenyesha hata tone.

"Kituo cha mafuta kwanza," aliamua. "Dakika kumi. Nisipopata kitu, tunakwenda machimboni na sululu."

Dada wa pampu alikuwa anamjazia mtu mafuta. Alipomwona Fundi akishuka kwenye gari la polisi aliacha mdomo wazi.

"Mmemkamata? Nilijua tu!"

"Ulijua nini?" Inspekta aliuliza.

"Huyu alikuja hapa juzi jioni. Jana akarudi. Haweki mafuta, hanunui kitu, anakwenda nyuma ya vyoo, anashika ule wavu na kuutikisa. Nikamwambia mwenzangu, huyu ana lake jambo."

Koplo alimtazama Inspekta kwa jicho la nilikwambia. "Amekuja kuangalia alichokificha," akasema, na mkono ukaenda kwenye pingu.

Inspekta alimsogelea Fundi mpaka wakawa uso kwa uso. Hakupaza sauti.

"Gari lako halikupita popote. Toroli ziko ndani tangu mwezi uliopita. Kaka, sikiliza. Mimi sina haja ya kukufunga leo. Nina haja ya mama. Ulimshusha wapi?"

Fundi alitazama upande wa vyoo.

"Hapa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, afande? Mama mzazi, nimemtupa kwenye pampu kama mzigo!" Akajifuta uso kwa kiganja. "Na si mimi niliyetaka. Nilikuwa nimeshawasha indiketa niingie getini. Mama akaniuliza, hapo wanalipisha? Nikamwambia. Akashika usukani, anashika usukani kabisa, akasema, hiyo hela mnunulie mjukuu wangu viatu vya shule, mimi nishushe na wenzangu hawa, nina miguu. Akaniapisha. Dada yako akiuliza, mwambie umenifikisha mlangoni kabisa, tusimtie presha na ile hali yake. Nikamtolea sanduku. Hata sikuzima injini, nyuma walikuwa wananipigia honi. Dada alipopiga kwamba mama hajafika nilikimbia hapa, nikakuta pengo limezibwa. Nikajua basi alizunguka barabarani, akaingia ndani kama watu wote. Ninyi mkawa mnatafuta ndani. Nikaona mko sahihi, hakuna haja ya... Nikanyamaza."

Siku mbili. Polisi kumi na wawili wamezunguka jengo la abiria siku mbili kwa sababu ya neno moja, na mtu aliyelijua alikuwa ameketi akisikiliza feni. Inspekta alitaka kumzaba kofi. Alimshika mkono badala yake, akamvuta kuelekea nyuma ya vyoo, kwa sababu wingu lilikuwa limeshalifunika jua.

Njia ile ya panya ilikuwa ya vumbi laini, na vumbi lilikuwa limetunza kila kitu. Mistari ya magurudumu ya masanduku ilikwenda miwili miwili hadi kwenye wavu mpya, ikagongana hapo, ikageuka kulia kwenda barabarani. Ilikuwa mingi, imepandana. Inspekta aliinama, akaanza kuikagua mmoja mmoja.

"Kulia ndiko walikokwenda wote," Koplo alisema. "Naye atakuwa amefuata watu."

"Mama yako anafuata watu?" Inspekta alimuuliza Fundi bila kuinua kichwa.

"Mama?" Fundi nusura acheke. "Mama hajui foleni. Hospitalini miaka yote aliingia kwa geti la wafanyakazi, hata alipostaafu akienda kutibiwa anapita huko huko. Anasema mlango wa mbele ni wa wagonjwa."

Inspekta alisimama wima. Kushoto, uzio ulikwenda ukinyooka kando ya uwanja wazi wenye nyasi kavu. Mbali kidogo, mwisho wa uzio, kilionekana kibanda cha mlinzi chenye mistari myekundu na myeupe, na watu wenye vitambulisho shingoni wakiingia mmoja mmoja.

"Lile geti ni la nani?"

"La wafanyakazi wa uwanja," alijibu dada wa pampu, aliyekuwa amewafuata.

Hapakuwa na haja ya kuuliza tena. Hatua chache kushoto mwa wavu, mahali ambapo hakuna aliyeangalia kwa sababu hakuna aliyepita, vumbi lilikuwa na alama moja peke yake. Upande mmoja mstari mwembamba wa gurudumu. Upande wa pili mburuzo mpana, wa kitu kizima kikivutwa chini. Katikati, nyayo za viatu bapa, fupi fupi.

"Gurudumu limekufa," Fundi alisema.

Walifuata mburuzo huo wakikimbia, Koplo nyuma akiilaani miguu yake. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kupiga vumbi. Alama zilipita kwenye nyasi zilizolala, zikatokea upande wa pili, kisha zikakoma mahali palipokuwa na ubao wa plaiwudi uliovunjika katikati. Ubao ulikuwa umewekwa kufunika chemba ya mtaro wa maji ya mvua, shimo la zege linaloshuka chini, ambalo mfuniko wake wa chuma bila shaka ulikuwa umeshaibwa na kuuzwa. Nyasi zimeuficha ubao, na ubao umelificha shimo.

Fundi alipiga magoti. "Mama!"

Wakati huo huo ndege iliruka. Ilipita juu ya vichwa vyao kwa kishindo kilichomeza kila kitu, hata sauti ya Fundi aliyekuwa anaita na mdomo wake wanauona. Inspekta alisimama akiwa amefumba macho, akisubiri, akifikiri jinsi zinavyoruka ndege hapa mchana na usiku na nani angemsikia mtu chini ya zege. Kishindo kilipungua, kikaisha.

Halafu wakasikia kitu kikigonga chuma. Kilikuwa kinagonga polepole, kikipumzika, kikigonga tena.

"Anangoja ndege ipite," Koplo alisema, na akaivua kofia yake bila kujua. "Anangoja ipite ndipo agonge. Ana akili huyu mama, Mungu wangu."

Kikosi cha zimamoto cha uwanja kilikuwa jirani, na kwa hilo Inspekta alishukuru. Walishuka kwa ngazi na kamba, na walipompandisha mvua ilikuwa imeshika kasi. Mama alikuwa mdogo kuliko Inspekta alivyomdhania. Midomo ilikuwa imepasuka, ngozi ina rangi ya majivu. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, naye mwenyewe alikuwa ameufunga kwa mtandio na mpini wa sanduku, fundo safi la kiuguzi. Mkononi alishika mfuniko wa chuma wa chupa ya maji aliokuwa akigongea bomba la mtaro, na simu yake ilikuwa imevunjika alipoanguka. Daktari wa zimamoto alimpima mapigo, akapima tena, akawaambia wenzake wafanye haraka. Uso wake haukuahidi chochote.

Simu ya Inspekta ililia. Ilikuwa ni yule binti. Inspekta aliipokea, akaiweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa inateleza kwa tope.

"Amepatikana," alisema. "Yuko hai. Ameumia, tunampeleka hospitali."

Kilio kikapasuka kwenye simu. Kisha swali lile lile. "Amepatikana wapi? Kaka alimshusha wapi, afande? Niambie ukweli."

Mama alifumbua macho. Aliipapasa hewa mpaka akaupata mkono wa Fundi, akaushika, na wote walioinama juu ya machela walimsikia akikusanya pumzi.

"Mwambie," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "kaka yake alinifikisha mlangoni kabisa. Mimi ndiye niliyetoka tena. Nilitaka kupunga hewa."

Alisema bila kupepesa macho. Inspekta, aliyesikiliza waongo maisha yake yote, hakuona hata ufa. Alimtazama Fundi. Ilikuwa rahisi tu anyamaze. Siku mbili alikuwa ameweza.

Fundi alichukua simu kutoka mkononi mwa Inspekta.

"Dada," alisema. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka puani. "Mlangoni sikufika. Nilimshusha kwenye kituo cha mafuta, nikaondoka. Hata injini sikuzima."

Wazimamoto waliinua machela, wakaanza kutembea kuelekea gari, na Fundi akatembea nao akiwa ameinama, kwa sababu mama yake alikuwa amefumba macho tena lakini mkono wake hakuuachia.

"Mjinga wewe," mama alinong'ona. "Tulikubaliana."